Nina MS, nataka mtoto, na nimeacha dawa kimya kimya

"Daktari shikamoo. Nina miaka 31, niligundulika na MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo) miaka mitatu iliyopita baada ya jicho la kulia kuingia ukungu wiki kama mbili hivi, halafu miguu ikaanza kufa ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini. Toka nianze vidonge vya fingolimodi sijapata shambulio hata moja, natembea, nafanya kazi, asiyejua hawezi kujua. Sasa mimi na mume wangu tunataka mtoto. Wifi yangu anasema nikibeba mimba nitaishia kwenye wilchea, mama anasema mtoto atazaliwa nao, na kuna rafiki yangu kasoma mahali kwamba mimba inaponyesha MS kabisa. Nimechoka kusikiliza. Siku 12 zilizopita niliacha vidonge bila kumwambia mtu, nikasema ngoja mwili ujisafishe nijaribu mwezi huu huu. Je nimekosea? Nitaweza kunyonyesha? Na ile sindano ya ganzi ya mgongoni je, maana ugonjwa wenyewe si uko huko huko mgongoni? Siku nyingine nawaza bora nisizae tu. Huo ni ubinafsi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja na nitayafikia yote, ila naanza na lile ulilolipachika katikati kama vile halina uzito, hizo siku 12. Hilo ndo la leo. Maneno ya wifi yanaweza kusubiri.

Ngoja nikueleze hiyo dawa inafanyaje kazi, ukielewa hapo utaona mwenyewe kwa nini nimeshtuka. Kwenye MS kinga ya mwili inakosea adui, badala ya kupambana na vijidudu inashambulia myelini, lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Wanaofanya fujo hiyo ni seli nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti. Makao yao ni tezi za limfu, zile zinazovimba shingoni ukiumwa koo, na kwa kawaida wanatoka humo wanaingia kwenye damu wanazunguka mwili mzima. Fingolimodi haiwaui. Inawafungia mlango tu, wanabaki humo ndani, hawafiki kwenye ubongo, ndo maana miaka yote hii umekaa kwa amani. Sasa ukiacha ghafla mlango unafunguka, na waliokuwa wamefungiwa wanatoka kwa mkupuo. Wapo watu wanaacha na hawapati kitu, lakini wapo wanaopata shambulio kubwa kuliko lolote walilowahi kupata hata kabla ya kuanza dawa, na mara nyingi linakuja ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2018, kwa hiyo sikutishi kwa maneno yangu mwenyewe.

Upande wa pili ni mtoto. Fingolimodi haitoki mwilini kwa siku mbili tatu, inatakiwa ipite miezi 2 toka kidonge cha mwisho ndipo ushike mimba. Taarifa zilizokusanywa kwa wanawake walioshika mimba wakiwa wanaimeza zilionyesha kasoro kubwa za maumbile kwa watoto, za moyo, figo, mifupa na misuli, kwa kiwango kama mara mbili ya kawaida, na Ulaya toka 2019 imekatazwa kabisa kwa mjamzito na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba asiyetumia uzazi wa mpango wa uhakika. Kawaida yenyewe ni watoto 2 hadi 3 kati ya 100, kwa hiyo mara mbili yake ina maana wengi bado wanazaliwa salama, na hilo nalisema kwa makusudi: ukipima ukakuta tayari una mimba usikimbilie kuitoa kwa hofu, kimbilia kliniki upangiwe kipimo cha kina cha ultrasaundi.

Unaona mtego ulipo? Unatakiwa usubiri miezi miwili ili mtoto awe salama, na miezi hiyo hiyo miwili ndo ugonjwa wako una nafasi nzuri kuliko zote ya kulipuka. Huwezi kuvuka hapo kwa kukaa bila dawa ukiomba Mungu. Unavuka kwa kuhamishiwa dawa nyingine inayoendana na mimba, na hiyo anaifanya daktari wako wa mishipa ya fahamu. Na tafadhali sana, usiseme basi ngoja nivirudie tu vidonge vyangu yaishe. Fingolimodi inapunguza mapigo ya moyo kwenye dozi ya kwanza, si unakumbuka siku ya kuanza ulikalishwa ukapimwa presha na moyo saa 6 nzima? Ukiiacha zaidi ya wiki mbili, kurudia ni kama kuanza upya, inabidi ukae chini ya uangalizi tena. Wewe uliandika ukiwa siku ya 12, ukisoma hapa nadhani umeshapita hizo wiki mbili. Kwa sasa tumieni kondomu, na upige simu kliniki.

Nimekosea, unauliza. Umekosea mpangilio, hujakosea kutaka mtoto. Na kwa uzoefu wangu wanawake wanaoacha dawa kimya kimya wengi wao wanafanya hivyo kwa sababu waliogopa kugombezwa, kwa hiyo na sisi madaktari tuna sehemu yetu hapo, swali la "unafikiria kuzaa?" lilitakiwa liulizwe siku ile ile dawa inaandikwa, maana MS inawapata wanawake mara mbili mpaka tatu zaidi ya wanaume na mara nyingi inaanza kati ya miaka 20 na 40, umri ule ule wa kuzaa. Mtu yeyote angeona hilo linakuja.

Sasa wifi yako. Hajazusha kitu, anarudia kilichokuwa kinasemwa na madaktari wenyewe zamani, maana kwa miaka mingi mpaka katikati ya karne iliyopita mwanamke mwenye MS alikuwa anaambiwa asibebe mimba, na akibeba wengine walishauriwa itolewe. Hawakuwa na ushahidi wa maana, waliona tu mama fulani amejifungua halafu akaanguka wakaunganisha. Utafiti uliobadilisha mambo ulitoka mwaka 1998, ulifuatilia wanawake 254 wenye MS katika nchi 12 za Ulaya, mimba 269. Mwaka kabla ya mimba walikuwa wanapata mashambulio kwa wastani wa 0.7 kwa mwaka, yaani saba kila miaka kumi. Kwenye miezi mitatu ya mwisho ya mimba ikashuka mpaka 0.2. Halafu miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua ikapanda mpaka 1.2, ndo hapo wifi yako anapopaona, kisha ikarudi ilipokuwa mwanzo. Ukijumlisha juu na chini, mwaka mzima wa mimba na kujifungua haukutofautiana na mwaka wa kawaida, na ulemavu haukuongezeka kwa kasi kuliko ilivyokuwa kabla. Hata kwenye ile miezi mitatu mibaya wanawake 7 kati ya 10 hawakupata shambulio lolote, na hapo wengi wao hawakuwa kwenye dawa hizi za kisasa.

Rafiki yako naye kaona nusu ya picha. Kweli mimba inatuliza MS, na sababu yake inapendeza ukiifikiria: nusu ya mtoto imetoka kwa baba, kwa kinga ya mama huyo ni mgeni kabisa, angepaswa kushambuliwa, kwa hiyo mwili wa mama unalazimika kushusha sauti ya kinga ili mgeni akae miezi tisa. Homoni kama projesteroni na estrioli, ambayo inatengenezwa kwa wingi kwenye kondo la nyuma, zinapanda, na seli za kinga zile za kutuliza wenzao zinaongezeka. MS inafaidika hapo kama abiria wa kudandia. Halafu mtoto anazaliwa, kondo linatoka, homoni zinaporomoka ndani ya siku chache, sauti inapandishwa tena. Huo si uponyaji, ni mapumziko. Na mapumziko hayo si lazima yawe makubwa ya kutosha: mwanamke aliyetoka kwenye fingolimodi au natalizumabu, dawa nyingine ya MS, bila kitu cha kuziba nafasi anaweza kupata shambulio katikati ya mimba, kwa sababu nguvu ya ule mkupuo inazidi utulivu unaoletwa na mimba. Rafiki yako hapo hakufika.

Mama yako sasa, na huyu naomba umjibu kwa upole maana nadhani anajilaumu kuwa labda ni yeye amekupa. Mtoto hazaliwi na MS. Anachoweza kurithi ni wepesi wa kuipata, na wepesi wenyewe ni mdogo: mzazi mmoja akiwa nayo, watoto kama 2 hadi 3 kati ya 100 ndo wataipata maishani, ukilinganisha na chini ya mmoja kati ya mia kwa watu wa kawaida. Hata mapacha wanaofanana kabisa, waliogawana jeni zote, mmoja akiwa na MS mwenzake anaipata kwa takriban nafasi moja kati ya nne tu, kwa hiyo kuna mengine mengi yanaamua nje ya damu.

Haya, dawa. Majina nayaandika yanavyotamkwa, kwenye boksi herufi ya mwisho itatofautiana kidogo. Njia zilizo mbele yako kwa kweli ni tatu, na sikufichi kwamba hakuna iliyo tamu kila upande. Ya kwanza ni sindano za zamani, interferoni beta na glatirameri. Hizi zina historia ndefu kuliko zote kwa wajawazito, mimba nyingi zimefuatiliwa bila kuonekana madhara kwa watoto, unaweza kuendelea nazo mpaka unashika mimba na ikibidi ndani ya mimba, hata kunyonyesha. Ubaya wake ni nguvu ndogo. Kama daktari alikuweka kwenye fingolimodi kwa sababu ugonjwa wako ulikuwa mkali, kukushusha kwenye sindano hizi ni kama kumtoa mlinzi na kuweka bango la "mbwa mkali", linaweza kusaidia na linaweza lisisaidie. Ya pili ni dripu zinazopunguza seli B, aina moja ya zile limfosaiti, okrelizumabu au rituksimabu, na hizi binafsi nazipenda kwa mwanamke wa hali yako kwa sababu moja: dawa yenyewe inaondoka mwilini lakini kazi yake inabaki kwa miezi mingi. Unapewa dripu, unasubiri, unashika mimba, na ulinzi unakusindikiza ukiwa huna dawa. Muda wa kusubiri kwa okrelizumabu kwenye maelezo rasmi ni miezi 4 kwa Ulaya na 6 kwa Marekani, ila wataalamu wengi wanaufupisha kwa sababu dawa za namna hii ni molekyuli kubwa ambazo karibu hazivuki kondo la nyuma kwenye wiki za mwanzo, zinaanza kuvuka kwa wingi mimba ikiwa kubwa. Hilo la kufupisha liwe uamuzi wenu na daktari, usijipangie. Ubaya wake ni maambukizi, na kwamba chanjo unatakiwa uchanjwe kabla.

Ya tatu ni natalizumabu, dripu ya kila wiki 4 hadi 6, ina nguvu na inaweza kuendelea ndani ya mimba mpaka karibu wiki ya 30 hadi 34, ila lazima upimwe kwanza kirusi cha JC, ambacho kwa anayetumia dawa hii kinaweza kuleta maambukizi makali ya ubongo, na mtoto akizaliwa apimwe wingi wa damu yake kwa sababu anaweza kuwa na upungufu wa damu au wa chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa muda. Na ukiiacha ghafla nayo ina mkupuo wake, kwa hiyo ukiipanda unapanda kwa safari nzima.

Kwa dada wengine wanaosoma na wapo kwenye teriflunomidi, nayo ni dawa ya MS: hiyo inaweza kukaa mwilini mpaka miaka miwili, kuacha tu hakutoshi, kuna dawa ya kuifyonza inaitwa kolestiramini unaimeza siku 11 halafu damu inapimwa mara mbili. Na wakati unafyonza usitegemee vidonge vya majira kwa sababu kolestiramini inavifyonza na vyenyewe. Kladribini, nayo ya MS, subiri miezi 6 toka dozi ya mwisho, na hiyo inamhusu hata mwanaume mwenye MS anayetaka kumpa mke wake mimba, jambo ambalo watu wengi hawaambiwi.

Kingine kinachosahaulika ni dawa za pembeni, zile za dalili. Kama unatumia modafinili kwa uchovu au karbamazepini kwa maumivu ya uso, zitaje. Zote mbili zina wasiwasi kwa mtoto aliye tumboni, na zote mbili zinapunguza nguvu ya vidonge vya majira, nimeona mimba mbili zisizotarajiwa zilizokuja kwa njia hiyo, mama anameza kidonge kila siku saa ile ile bila kukosa na hakuna aliyemwambia kwamba dawa yake ya uchovu inakila. Baklofeni ya misuli kukaza usiikate ghafla. Anza vidonge vya foliki mikrogramu 400 kila siku sasa hivi wakati mnasubiri, ukiwa kwenye dawa za degedege kama karbamazepini unaweza kuhitaji zaidi. Pima vitamini D. Kama unavuta sigara, acha, sigara inaharakisha MS yenyewe.

Kushika mimba kwenyewe MS haizuii. Kinachozuia mara nyingi ni kitandani, ganzi sehemu za siri, ukavu, uchovu wa jioni mpaka mtu hana hamu, na haya watu hawayasemi kliniki, wanasubiri miaka wakidhani ni utasa. Sema. Kuna dawa na kuna ushauri mdogo tu wa kawaida kama kubadilisha saa, asubuhi badala ya usiku, unasaidia kuliko unavyodhani.

Ukiwa mjamzito utaendelea na kliniki ya wajawazito kama kawaida, pamoja na daktari wako wa neva. MRI inaweza kufanyika ikihitajika, bila ile dawa ya rangi ya mshipani. Ukipata shambulio linalokulemaza unaweza kupewa steroidi ya dripu, methiliprednisoloni, ambayo kondo la nyuma linaivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto, ingawa miezi mitatu ya kwanza tunajitahidi kuikwepa. Chunga sana maambukizi ya njia ya mkojo, MS inafanya kibofu kisiishe vizuri na mimba inakikandamiza juu yake. Halafu kuna kitu kinachowadanganya wengi: homa au maambukizi yanaweza kuamsha dalili zako za zamani, mguu ule ule, jicho lile lile, ukadhani ni shambulio jipya kumbe neva zilizowahi kuumia hazivumilii joto. Ukitibu maambukizi, dalili hizo zinatulia. Kwa hiyo kabla ya steroidi, mkojo upimwe.

Sindano ya ganzi ya mgongoni ruksa. Ule utafiti wa 1998 uliangalia hilo pia na haukuona kwamba inaongeza mashambulio, na tafiti za baadaye hazijabadilisha hilo. Mwambie tu daktari wa usingizi mapema kwamba una MS na miguu iliwahi kufa ganzi, aandike hali ya miguu yako kabla ya kuchoma, ili kesho yake ukisema mguu mzito kuwe na cha kulinganisha. Na kuzaa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji kunaamuliwa na sababu za uzazi, MS peke yake si sababu ya kisu, isipokuwa kama miguu na nyonga ni dhaifu sana au uchovu unamzuia mama kusukuma. Wewe unayetembea vizuri sioni kwa nini usisukume mwenyewe.

Kunyonyesha nyonyesha. Ushahidi uliojumuishwa mwaka 2020 kutoka tafiti nyingi ulionyesha wanaonyonyesha wanapata mashambulio machache zaidi baada ya kujifungua kuliko wasionyonyesha, hasa wanaonyonyesha maziwa ya mama tu bila kuchanganya. Sitakuambia kwamba maziwa ndo dawa, maana inawezekana pia kwamba wenye ugonjwa mkali ndo waliokimbilia dawa wakaacha kunyonyesha, lakini angalau hakuna anayeweza kukuambia kwamba kunyonyesha kunakudhuru. Swali ni dawa gani unarudia na lini. Fingolimodi, teriflunomidi, kladribini hapana, hizo ni molekyuli ndogo zinaingia kwenye maziwa. Interferoni na glatirameri sawa. Zile dripu za kingamwili (okrelizumabu, rituksimabu, natalizumabu) kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno na tumbo la mtoto linakimeng'enya, wengi tunazirudisha baada ya wiki mbili za mwanzo, maziwa yakishakomaa. Ukipewa steroidi subiri saa 2 hadi 4 ndo unyonyeshe. Ila kama ugonjwa ni mkali na dawa pekee inayokufaa haiendani na maziwa, basi mtoto anywe maziwa ya kopo na mama aendelee kuona, hapo sina kigugumizi.

Tarehe ya kurudi kwenye dawa ipangwe kabla hujajifungua, iandikwe. Nina sababu. Kuna mama mmoja nilimhudumia, mtoto wake wa kwanza, wiki ya sita usiku wa manane ananyonyesha akaona mkono wa kushoto kama si wake, vidole havijui vimeshika nini. Akamlaza mtoto kitandani, yeye akashuka akakaa sakafuni akiegemea kitanda kwa sababu aliogopa akikaa juu atamdondosha. Alikaa siku tisa ndipo akaja, kila mtu nyumbani alimwambia ni uchovu wa uzazi. Alipewa steroidi, mkono ukarudi karibu wote, akajifunza kunyonyesha akiwa amelala ubavu na mto mgongoni, usiku mume akawa ndo anambeba mtoto kumleta na kumrudisha. Lakini zile siku tisa bado zinaniuma. Kwa hiyo weka hili kichwani, wewe na mumeo: dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa, jicho kufifia na kuuma likisogezwa, mguu au mkono kuishiwa nguvu, ganzi inayopanda, kushindwa kukojoa, hiyo ni kliniki siku ile ile. Homa pamoja na udhaifu pia. Na ukiona siku zinapita hujisikii kumshika mtoto, unalia bila sababu au mawazo ya kujidhuru yanakuja, nenda hospitali saa hiyo hiyo au mwombe mtu akupeleke, sonona baada ya kujifungua inawapata zaidi wenye MS na inatibika.

La mwisho ulilouliza, la kutozaa. Hapana, si ubinafsi. Nimewahi kukaa na wanawake wawili kwa wiki moja, wenye ugonjwa wa kufanana kabisa, mmoja akaamua anazaa, mwingine akaamua hazai, na wote wawili walikuwa wamefikiri vizuri kuliko mimi. Kusema kweli MS haitabiriki, siwezi kukuahidi miguu yako itakuwaje mtoto akiwa darasa la tano, na swali la nani atasaidia siku usizoweza ni swali halali la kuliweka mezani mkiwa wawili bila wifi. Ukiamua bado, au kamwe, uzazi wa mpango karibu wote unakufaa: kitanzi na vijiti ni vya uhakika na haviingiliani na dawa nyingi (vijiti uliza kama upo kwenye karbamazepini). Vidonge vyenye estrojeni tunaviepuka kwa mtu ambaye hatembei au analala muda mrefu kwa ajili ya damu kuganda, na ile sindano ya miezi mitatu tunaifikiria mara mbili kwa mtu aliyekula steroidi nyingi kwa ajili ya mifupa. Lakini uamuzi huo usiufanye wiki hii ukiwa na hofu ya wifi kichwani.

Wiki hii fanya hivi tu. Piga simu kliniki, usisubiri tarehe ya kwenye kadi, useme "niliacha fingolimodi tarehe fulani, nataka mimba, nahitaji kuonana na daktari wa neva mapema". Taja tarehe kamili, kila kitu kitahesabiwa kuanzia hapo. Beba boksi la dawa ya MS na maboksi ya dawa nyingine zote, hata za kununua mwenyewe. Hedhi ikichelewa hata siku tatu pima kabla hujaenda. Na mume wako aingie naye chumbani kwa daktari, asibaki kwenye benchi nje akichezea simu, maana mtoto akija zamu ya usiku ni yake.